Risala ya Laini ya Kwanza: Wiki Mbili Tulizozima Majiko

Mgeni rasmi,
Viongozi mlioongozana naye,
Dada yetu wa vipimo,
Majirani wa Laini ya Pili mliosimama ng'ambo ya mtaro,
Wazee, wazazi na watoto wote mliopo,

Kwa niaba ya nyumba zote ishirini za Laini ya Kwanza, karibu sana. Tumefagia tangu juzi, na jana tumefagia tena pale tulipofagia juzi. Viti mlivyokalia wewe na wenzako vimetoka nyumba saba tofauti, ndiyo maana havilingani urefu. Furaha yetu ni moja.

Barua ya ofisi yako ilitutaka tuandae risala ya kuuaga mradi wa nyumba za umeme mtupu. Tulikaa vikao vitatu tukaona hiyo hatuiwezi. Tumeandika ya kukaribisha, na ndani yake limo jambo ambalo, ukimwacha dada wa vipimo, hatujamwambia mtu yeyote wa ofisi mpaka leo. Tunaomba utusikilize hadi mwisho kabla hujatia sahihi karatasi uliyokuja nayo.

Kabla sijaendelea, naomba kueleza vitu vitatu unavyoviona.

Kwenye meza iliyo mbele yako kuna vitu vimefunikwa kwa shuka. Si zawadi. Tunaomba radhi kama ulidhani hivyo.

Bahasha uliyopewa na Mwenyekiti wetu, tunaomba usiifungue bado.

Na ulipokuwa unapita mlangoni pa nyumba namba nne, yule bibi aliyekupungia mkono na kurudi ndani haraka si kwamba hana adabu. Alikwenda kufunga mfuniko wa jiko la presha la umeme lenye maharage na kuliwasha. Vitu vingine vyote nyumbani mwake amevizima. Dada wa vipimo alisoma mita yake wakati huohuo, na namba imeandikwa kwa chaki kwenye ubao huu: elfu tatu mia nne kumi na nane, nukta sita. Nilikuwa nimeiachia nafasi kwenye risala, nimeijaza sasa hivi nikiwa nimesimama. Tutarudi kwenye namba hiyo.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, laini hizi za nyumba zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi. Kiwanda kilifungwa, mashine zikachukuliwa, sisi tukabaki. Kila nyumba ina vyumba viwili na jiko la nyuma lenye dirisha lenye ukubwa wa daftari lililofunguliwa. Umeme tulikuwa nao wa balbu mbili. Kupika, kuchemsha maji na kupiga pasi vyote vilikuwa vya mkaa. Ukitaka kujua rangi ya kuta za jikoni, ulikuwa unamwuliza aliyezipaka.

Mwaka juzi dada wa vipimo, aliyetumwa na mradi, alikuja akiwa na mizani ya kuning'iniza begani. Tulimzunguka tukitazamia kuona jiko jipya au waya. Hakuwa na chochote kingine. Alisema, "Kabla hatujabadilisha kitu, nataka nijue mnatumia nini sasa." Kila asubuhi tukawa tunapima mkaa tunaoutoa, na jioni tunapima uliobaki. Bibi wa namba nne, ambaye ni bibi yangu mzaa mama, alimwuliza, "Mwanangu, na majivu utayapima?"

Akajibu, "Na majivu, Bibi."

"Basi kaa, uchemshiwe chai. Mtu wa kupima majivu hajawahi kufika hapa."

Dada alihitaji mtu wa kumwandikia namba siku ambazo hayupo. Waliomaliza shule walikuwa na kazi zao. Mimi niliishia darasa la tano, Bibi alipoanza kubanwa na kifua, nikabaki nyumbani kuwasha jiko na kumwangalia. Kwa hiyo mchana nilikuwepo. Dada aliniuliza kama najua kuandika namba zenye nukta. Nikasema najua. Sikumwambia neno lingine wiki nzima, lakini daftari lilijaa.

Baada ya miezi mitatu ya mkaa, mafundi wakaja. Waliweka waya mpya, jiko la umeme la sahani mbili, jiko la presha, hita ya maji, friji na pasi. Kila nyumba ikatoa jiko lake la mkaa. Karani wa mradi akaandika: majiko yaliyokabidhiwa, ishirini. Aliandika alichokiona. Nyumba nyingi zilikuwa na majiko mawili.

TULIYOYAPATA

Hapa tungeweza kukaa mpaka jioni, lakini tumejibana.

Dada wa vipimo alitufundisha kwamba moto uliomo ndani ya kilo moja ya mkaa ni sawa na uniti nane za umeme. Mkaa wetu ulikuwa kilo mbili na nusu kwa nyumba kwa siku. Maana yake tulikuwa tunachoma uniti ishirini kila siku. Sasa nyumba moja inatumia uniti tano kwa siku, na hizo tano ni kila kitu: chakula, maji ya kuoga, friji, taa na pasi. Nilipomaliza hesabu hiyo mara ya kwanza niliirudia, nikadhani nimekosea kuweka nukta. Dada akaniambia nimeiweka sawa. Bibi akauliza zile kumi na tano zilikuwa zinakwenda wapi. Dada akamwambia, "Nyingine kwenye ukuta, Bibi. Nyingine kwenye macho yako."

Ukuta wa jikoni kwetu tuliupaka rangi ya maziwa, na mpaka leo ni wa maziwa. Bibi analala amenyoosha mgongo. Zamani alilala ameketi, amejiegemeza kwenye mito mitatu, na mimi nilikuwa nahesabu anavyokohoa. Mito miwili nimeihamishia kwangu.

Mwenyekiti wetu, ambaye ni fundi cherehani na tunamwita Sentimita kwa sababu hupima hata mlango wa mtu akija kumtembelea, anapiga pasi nguo nne kwa muda aliokuwa anawasha mkaa wa pasi moja. Mama Mapacha wa namba tisa ana watoto wawili wa miezi minane, na maji yao ya kuoga yanatoka ukutani. Siku ya kwanza aliyafungua na kuyafunga mpaka mumewe akamwambia, "Mama watoto, yataisha." Akasema, "Acha yaishe nikiwa nayaangalia."

Tumejifunza pia kuelewana. Jioni ya kwanza nyumba zote ishirini ziliwasha kila kitu kwa pamoja kwa furaha, fyuzi ya kwenye nguzo ikakatika, na laini nzima ikala mkate mkavu. Tangu hapo hakuna anayewasha kitu kikubwa bila kupaza sauti dirishani.

"Nawasha hita!"

"Subiri, nina pasi. Dakika kumi."

"Kumi zako tunazijua, Sentimita. Ni kumi za suti."

"Basi nane. Na wewe usioge kama unafua zulia."

Hivyo ndivyo tunavyoishi. Tumeambiwa kwenye ripoti ya ofisi yako imeandikwa kwamba umeme wa laini nzima kwa saa za jioni ni mdogo kuliko ilivyotarajiwa, na kwamba chombo kikaguliwe. Tunaomba kisisumbuliwe. Chombo ni kizima. Ni makoo yetu.

TULIPOKOSEA

Mgeni rasmi, kwa kawaida sehemu hii huitwa changamoto, na watu hutaja barabara na maji. Sisi changamoto yetu kubwa tumeitengeneza wenyewe, kwa mikono yetu, tena kwa bidii.

Mwezi wa kumi tangu mafundi waweke majiko ya umeme, tulitangaziwa kwamba vitaletwa visanduku vya kupimia, vifungwe kwenye kila jiko kwa wiki mbili. Vilikuwa vya kuazima, vinazunguka mitaa yote yenye mradi, ndiyo maana zilikuwa wiki mbili tu. Mita ya nyumba inajumlisha kila kitu, lakini kisanduku kinaonyesha jiko peke yake. Dada alinieleza sababu: ofisi inataka kujua kama majiko tuliyopewa tunayatumia kweli.

Siku nne kabla ya visanduku nilikuwa bombani. Mama Mapacha akaniuliza, "Ewe mwenye daftari, hebu tuambie, nani anaongoza?"

Mimi si mtu wa maneno. Lakini hilo lilikuwa swali la namba, na nililijua jibu, nikafurahi. Nikasema, "Ni wewe, dada. Uniti sita na nukta mbili." Kwa akili yangu nilikuwa nampongeza.

Akachukua ndoo yake akaondoka haijajaa.

Mpaka mchana habari ilikuwa hivi: ofisi inatafuta nyumba zinazokula umeme, na ya kwanza kung'olewa jiko ni namba tisa. Mpaka jioni ilikuwa ni kila nyumba inayozidi uniti nne. Kesho yake tulikutana uani kwa Mwenyekiti. Alisema, "Jamani, ni wiki mbili tu. Tukaze mkanda. Kisanduku kikiona hatuli sana, watatuachia vitu vyetu. Kuna mwenye neno?"

Mimi nilikuwa na neno. Nilijua kisanduku hakitafuti walaji. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo nyuma ya mlango, daftari mapajani. Nikanyanyua mkono mpaka usawa wa bega. Mwenyekiti akaniangalia, akadhani najikuna. Nikaushusha.

Basi ikawa. Yale majiko ya pili yakatoka chini ya vitanda. Tulipika alfajiri nyuma ya ukuta wa kiwanda, Mwenyekiti akipepea moshi kwa boksi la vitambaa ili uelekee upande wa pili. Hita tulizima. Dada wa vipimo akipita, tulimchemshia maji ya chai kwenye jiko la umeme ili alione linafanya kazi, na alikuwa muungwana, alikunywa kila nyumba. Visanduku vikaandika kwamba jiko la umeme linatumika dakika kumi na moja kwa siku. Hizo dakika kumi na moja ni chai yake.

Siku ya nne Bibi alianza kukohoa. Siku ya sita niliirudisha ile mito miwili kitandani kwake, ikawa mitatu tena.

Jioni nilipita kusoma mita kama kawaida. Uniti moja na nukta tano. Moja na nukta tatu. Moja na nukta saba. Niliandika zote bila kukosea hata moja, na hakuna iliyokuwa ya kweli.

Visanduku vilipoondoka tulisherehekea. Kila nyumba iliwasha kwa zamu yake, na ndani ya siku mbili tulikuwa tumerudi uniti tano. Tulidhani tumeshinda.

Kisha ikaja ripoti. Inasema wakazi wa Laini ya Kwanza hawajayapokea majiko ya umeme. Inasema waya na vifaa vihamishiwe mahali vitakapotumika. Inasema Laini ya Pili, nyumba thelathini na nne, isiunganishwe. Na kwa yale tuliyovionyesha visanduku, ripoti haina kosa. Tulificha tusinyang'anywe, na kwa kuficha ndiyo tunanyang'anywa.

Jioni hiyohiyo nilikwenda kwa Mwenyekiti. Nilibisha hodi mara mbili kisha nikataka kuondoka, akafungua. Nikamweleza yote: nilichosema bombani, nilichokuwa nakijua uani, na ule mkono. Akawa anaviringisha futi ya kitambaa kidoleni na kuiviringua. Mwishowe akasema, "Mwanangu, kumbe hukuwa unajikuna."

"Hapana, Mzee."

"Na mimi nilikuuliza kama kuna mwenye neno, nikakuangalia, nikakupita." Akaviringisha futi tena. "Basi risala utaisoma wewe. Tena husomi kama mwenye kosa. Unasoma kama mwenye daftari."

Mgeni rasmi, sasa Mwenyekiti na Mama Mapacha wataondoa shuka.

(Hapa nitanyamaza mpaka shuka liondolewe lote.)

Haya ndiyo majiko tuliyoyaficha. Yapo kumi na saba. Nyumba tatu zilikuwa na jiko moja tu na zililitoa tangu mwanzo, na tunaomba zisichanganywe na sisi. Hilo la mwisho kulia, lenye mguu mmoja wa bati la kopo, ni la kwetu. Tunakukabidhi yote. Chini ya vitanda sasa kuna viatu tu.

TUNAYOYAOMBA

Kwanza, tunaomba tupimwe upya. Visanduku virudi kwa wiki mbili nyingine, na safari hii msitutangazie siku. Njooni tu, hata tukiwa tumevaa vibaya.

Pili, tunaomba dada wa vipimo asibebeshwe ripoti hii. Kazi yake aliifanya vizuri kuliko tulivyostahili. Amepima mpaka majivu. Tuliomdanganya ni sisi, na siku tulipomwambia ukweli hakutugombeza. Aliniomba tu daftari. Mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi, na tumesikia hautaongezwa kwa sababu ya mtaa wetu. Hilo linatuuma kuliko waya.

Tatu, madaftari yangu yapo hapa mezani, matatu. Yana namba za kila nyumba, kila jioni, kwa miezi kumi kabla ya wiki zile mbili na miezi minne baada yake. Tunaomba wataalamu wako wayalinganishe na kumbukumbu za ofisi ya umeme. Wakikuta nimekosea mahali, waniambie. Nadhani nilikosea jioni moja ya mvua, namba kumi na mbili. Nimeizungushia duara.

Nne, fyuzi ya kwenye nguzo ni ndogo na waya wake ni mwembamba. Tunaweza kuendelea kupiga kelele madirishani, tumeshazoea na wengine tunapenda. Lakini Laini ya Pili ikiunganishwa tutakuwa nyumba hamsini na nne, na sauti hazitafika.

Tano, Laini ya Pili. Wao hawakuficha kitu, hawakupika nyuma ya ukuta wowote, na ripoti imewakata pamoja na sisi. Ukitazama ng'ambo ya mtaro utaona milango yao imefunguliwa yote na nyumba nyingi tayari zimetobolewa matundu ya waya. Waliyatoboa wenyewe, kwa vipimo alivyowachukulia Mwenyekiti wetu. Asubuhi moshi wao unavuka mtaro unakuja kwetu, na Bibi hufunga dirisha. Halafu hulifungua tena, kwa sababu anasema anaona aibu kuwafungia.

Sita. Ombi hili liliandikwa na Mwenyekiti kwa mkono wake, na kikao kizima kikanikataza nisilifute wala nisilisome haraka. Linasema hivi: "Sisi wakazi tunaomba huyu binti anayesoma afundishwe kazi ya vipimo kwa ukamilifu, pamoja na masomo aliyoyaacha, ili kipimo kijacho, hapa au mtaa mwingine, kiwe na mtu ambaye watu wa nyumba hizi wanaweza kumwuliza, na ambaye akinyanyua mkono tutauona." Nimelisoma.

MAHARAGE

Mgeni rasmi, tunakaribia mwisho, na kuna harufu ambayo nadhani imekufikia.

Tunajua tulivyosimama mbele yako. Tulikupa vipimo vya uongo mara moja, kwa hiyo hatuna haki ya kukwambia utuamini kwa maneno. Ndiyo maana tulikupa bahasha. Ndani yake kuna karatasi, na kwenye karatasi kuna namba moja niliyoiandika jana jioni. Si namba ya mita, kwa sababu jana sikujua mita itaanzia wapi. Ni uniti ambazo jiko la Bibi litakuwa limekula, kutoka wakati ulipopita mlangoni mpaka nitakapofunga karatasi hizi. Nimelipima jiko hilo kwa maharage ya kiasi kilekile mara thelathini na moja. Nyimbo za watoto waliokuimbia kabla sijaanza kusoma nilizipigia hesabu ya dakika tano. Risala hii nimemsomea Bibi mara saba, na kila mara ilichukua dakika ishirini na mbili, kwa sababu nasoma taratibu. Kama leo nimesoma haraka zaidi, ni uoga. Kama nimechelewa, ni lile ombi la sita.

Tunakuomba ufungue bahasha sasa, kisha usimame, utembee hatua ishirini na tatu mpaka namba nne. Mwenyekiti amezipima. Mlango uko wazi. Usome mita kwa macho yako, utoe namba iliyo ubaoni, uone kilichobaki, ukilinganishe na karatasi iliyo mkononi mwako. Asikusomee dada wa vipimo, nisikusomee mimi. Ukimaliza, Bibi atafungua mfuniko. Wa kwanza kupakuliwa ni wewe, na utakula ndani, kwenye jiko lenye kuta za rangi ya maziwa, ili utazame kuta.

Ukishakula, tia sahihi utakayoona ni haki.

Mungu akuzidishie afya ya kifua na ya macho, wewe na nyumba yako. Awape wenzako safari njema, na awape mafundi wote wa nguzo mikono salama. Nyumba zenu zisikose chakula kinachoiva wala mtu wa kuita dirishani, na akiita, awepo wa kumjibu.

Nafunga karatasi sasa. Karibu namba nne.

Ni sisi,
Wakazi wa Laini ya Kwanza,
nyumba ishirini.